Jinsi Bi Sikudhani Alivyojengewa Uwezo

Nchi yetu haitajwi jina bila kibali, na kibali hakitolewi kwa mtu ambaye hakuandika jina la nchi kwenye ombi lake. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema tu kwamba ni nchi, ina bendera, ina wimbo wenye beti nyingi, na ina Wizara ya Kujengeana Uwezo, ambayo ni kubwa kuliko wizara zote kwa sababu nyingine zote hupelekwa huko kujengwa.

Mimi ni jirani tu wa Bi Sikudhani, tumepakana ukuta. Ni raia mwema, na cheti changu cha uraia mwema nimekitia fremu. Nasimulia haya ili serikali isifiwe, maana niliyoyaona kwa jirani yangu si madogo.

Mji wetu una kiwanda cha sukari. Mwenye kiwanda ni Kampuni ya Utamu wa Taifa, na kila waziri anayekuja kututembelea hunywa chai pale, hulamba midomo, kisha hutangaza kwamba nchi inasonga mbele. Bi Sikudhani alianza kazi kiwandani akiwa msichana. Kazi yake ilikuwa kulisha miwa kwenye rola, zile nguzo za chuma zinazozunguka na kukamua maji ya muwa. Zamani rola zilikuwa na vifuniko. Halafu ikaonekana kwamba vifuniko vinaichelewesha miwa, vikafunguliwa vikawekwa stoo, na haikupita muda mrefu mkono wa kushoto wa Bi Sikudhani ukaenda pamoja na muwa mpaka kwenye kiwiko. Kampuni haikumtupa. Ilimpa pole, mfuko wa sukari, na ruhusa ya kutorudi kazini.

Alipopona akafungua mlango wa nyumba yake. Watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakitoka hospitali na bandeji. Aliwafundisha kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, kumenya muhogo ukiwa umebanwa kwa magoti, kumwogesha mtoto bila kumdondosha. Walikaa kwenye mikeka uani kwake, wakala alichopika, na baada ya muda wakajiita Chama cha Mkono Uliobaki. Chama hakikuwa na ofisi wala muhuri. Kilikuwa na ombi moja, ambalo wanachama walilipeleka kwenye geti la kiwanda kila mwezi, wakiwa wamevaa vizuri: vifuniko virudishwe, wengine wasije wakakatwa kama wao. Mlinzi wa geti aliwasikiliza kwa adabu, akawaambia atafikisha, na mwezi uliofuata akawasikiliza tena.

Katika wote waliokuja pale, aliyekuwa karibu zaidi na Bi Sikudhani ni Kizito Malingumu. Huyu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda. Ni yeye aliyefungua vile vifuniko kwa spana yake, na baadaye rola zile zile zikauchukua mkono wake wa kulia. Alipotoka hospitali hakuweza hata kushika kijiko. Mkewe alikuwa amerudi kwao na mtoto wao wa kiume, wakwe wakisema hawawezi kumwacha mjukuu kwa baba asiyeweza kumlisha. Bi Sikudhani akamlisha Kizito uji asubuhi na jioni, bila kuona haya wala kumwonea huruma iliyozidi, mpaka mkono wake wa kushoto ulipozoea. Kizito akamwita dada. Na siku moja, akiwa amejiegemeza ukutani kwetu, alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba yeye hakufungua vifuniko kwa kupenda kwake. Meneja alisimama nyuma yake akamwambia, "Fungua, likitokea lolote nitajibu mimi." Hakukuwa na mtu mwingine karibu. Kizito aliapa kwamba siku Tume ya Usikivu itakapofika mji wetu, atayasema hayo mbele ya watu.

Tume ya Usikivu ni chombo chetu cha haki. Huzunguka nchi nzima ikisikiliza, na mtu akishasikilizwa huhesabiwa kuwa amesaidiwa.

*

Mwaka ule ule Wizara ikaanzisha Mamlaka ya Kuunganisha Wenye Ujuzi na Wenye Shida. Waziri mwenyewe alikuja kuizindua kwenye uwanja wetu wa mpira. Alihutubia tangu jua likiwa upande wa goli moja mpaka likahamia goli la pili, na maneno yake makuu nayakumbuka.

"Nchi hii," alisema, "ina watu wenye ujuzi wasio na shida, na ina watu wenye shida wasio na ujuzi. Kosa la kihistoria ni kwamba hawakuwahi kutambulishwa."

Basi ikatungwa sheria. Kila kampuni iwatoe wataalamu wake wakajitolee kwenye vyama na asasi zinazosaidia watu. Kujitolea kukawa kwa hiari, na asiyetaka akatozwa faini. Kila asasi nayo ikatakiwa kuwa na mtaalamu wake na mfadhili wake. Asasi iliyokutwa haina upungufu wowote ilipewa muda wa kuutafuta, la sivyo ifungwe kwa kosa la kujitosheleza.

Watu wakaiita Mamlaka ile Ushenga, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupeleka posa. Jina likawapendeza wakubwa, na mkuu wake mkoani kwetu, Bwana Hatibu Kengewa, akaandikiwa mlangoni kwamba yeye ni Mshenga Mkuu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na aliamini kila alichokisema, jambo ambalo ni adimu serikalini na ni la hatari sana.

Kuoanisha kulifanywa na kompyuta. Bi Sikudhani aliulizwa chama chake kinashughulika na nini, akajibu kwamba ni kiwanda cha sukari, rola na mikono. Kompyuta ikatafuta nchi nzima kampuni inayoshughulika na kiwanda cha sukari, rola na mikono. Bwana Kengewa alikuja mwenyewe kuleta habari njema, jasho likimtoka kwa furaha. Alisema tangu mashine ile inunuliwe haijawahi kuona wawili wanaofanana namna hii.

Bi Sikudhani alimwambia kwa upole kwamba hao ndio waliowakata.

"Ndiyo hivyo, bibi," Bwana Kengewa akasema. "Mna historia ya pamoja. Wengine tunawaoanisha hawajawahi hata kukutana."

*

Wataalamu wa Kampuni walikuja kundi zima, wamevaa fulana zinazofanana. Walikuja na projekta, na kwa kuwa uani kwa Bi Sikudhani hakukuwa na umeme, wakaleta jenereta, na kwa kuwa jenereta ilikuwa na kelele, wakaleta spika. Walianza kwa kuwaomba wanachama wajipigie makofi. Wanachama wakatazamana, kisha wakajipiga mapajani.

Halafu likaangaliwa ombi la vifuniko. Wataalamu walisikitika. Walieleza kwamba hilo si lengo la kimkakati, kwa sababu linaweza kutimia. Je, vifuniko vikirudi kesho, chama kitafanya nini keshokutwa? Hakuna mfadhili anayependa chama kinachomaliza kazi. Baada ya warsha ndefu yenye soda na sambusa, chama kikapata dira mpya: kuwa kinara wa ustahimilivu wa viungo katika ukanda mzima. Neno "kukatwa" likaondolewa kwa kuwa linavunja moyo, mahali pake pakawekwa "kupunguziwa". Wanachama wakaacha kuwa wanachama, wakawa wanufaika. Mwisho wakafundishwa kuchapa kwenye kompyuta kwa vidole vyote kumi, na kila mmoja akapewa cheti.

Bi Sikudhani aliyachukua yote hayo kama mtu anavyochukua mvua: aliingiza mikeka ndani, akasubiri ipite. Na ilipita. Fulana ziliondoka, jenereta ikaondoka. Aliyebaki ni mmoja, mwanasheria wa Kampuni aliyeitwa Leonsia, kwa kuwa Mamlaka ilitaka kila chama kiachiwe mtaalamu wa kukaa nacho mpaka kiive.

Huyu Leonsia hakuwa kama wenzake, nami siwezi kusema vinginevyo hata leo. Siku ya kwanza alivua viatu mlangoni. Alikaa mkekani, akaficha mkono mmoja mgongoni, akajaribu kumenya muhogo kama wanavyomenya wao, akajikata kidole, akacheka, na waliokuwepo wakacheka naye. Mtoto wa mwanachama mmoja alipougua, ni yeye aliyemkimbiza hospitali kwa gari la Kampuni na kugombana na wauguzi mpaka kitanda kikapatikana. Mama yake mzazi alikuwa amefariki alipokuwa bado chuoni. Alimwambia Bi Sikudhani hivyo jioni moja wakiosha vyombo pamoja, mmoja akishika sahani, mwingine akiisugua. Tangu hapo akamwita mama, naye akaitwa mwanangu.

Nilikuwa nawasikia ukutani. Walizungumza mambo mengi yasiyo na maana, hili la nguo, lile la mapishi, na walicheka sana. Bi Sikudhani hakuwahi kuzaa mtoto akabaki hai. Mmoja tu alizaa, akamzika mchanga kabisa, wiki ile ile kabla ya rola kumkata. Hilo hakulisema kwa watu, wala mimi sikulijua mpaka nilipolisikia akimsimulia Leonsia. Alisema asubuhi ile alikwenda kazini kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno.

Tume ya Usikivu ilipotangaza kwamba itafika mji wetu, Leonsia alisema sasa ndio wakati wa kazi yake. Angewaandalia hoja zao zikae sawa. Lakini ili aziandae ni lazima aambiwe kila kitu: nani atasema, aliona nini, na kitu gani kinaweza kumtia woga.  Bi Sikudhani akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Mwanangu, wewe unalipwa na Kampuni. Siku hiyo ikifika utakuwa wapi?"

"Nitakuwepo, mama," Leonsia akasema.

Basi akamwambia. Alimwambia habari ya Kizito na meneja, na maneno yenyewe yaliyosemwa. Alimwambia pia kwamba Kizito si mwoga wa watu wala wa polisi, ila ana kidonda kimoja, yule mtoto wake aliyechukuliwa na wakwe.

*

Ufadhili ulikabidhiwa kwa sherehe. Turubai lilifungwa, bendi ya polisi ikapiga, na Bwana Kengewa akavaa kanzu kwa kuwa siku ile, alisema, ni siku ya harusi. Chama kikapewa jengo lenye ngazi, bodi ya wakurugenzi, na nembo. Nembo ilichorwa na wataalamu wa Kampuni wanaoitwa wabunifu: ni mkono wa kushoto ulioishia kwenye kiwiko, umezungukwa na majani ya muwa. Walikuwa wameuchora wa Bi Sikudhani mwenyewe akiwa amekaa uani kwake, wakamwambia ni wa kumbukumbu. Wiki ile ile nembo ikatokea kwenye mifuko yote ya sukari nchini, chini yake pameandikwa: Tunawajali.

Ikatangazwa pia kwamba wataalamu wamemchunguza Bi Sikudhani, wakamkuta na maradhi ya waasisi. Huwapata wanaoanzisha vitu, na dalili yake kubwa ni kuzijua kazi zote. Dawa ni kukaa kando. Akatunukiwa cheo cha Mlezi wa Heshima, maana yake husalimiwa wa kwanza na kuulizwa wa mwisho. Mkurugenzi Mtendaji akawa Kizito.

Leonsia alikuwa ameshamweleza Bi Sikudhani faragha kwamba ni kwa faida ya chama, na kwamba Tume humheshimu zaidi mtu mwenye cheo. Bi Sikudhani hakuona ubaya. Alimfurahia Kizito kama dada anavyomfurahia ndugu. Kizito alipewa nyumba ya Kampuni, ya matofali, yenye bomba la maji ndani, na kabla hajamaliza kupanga vitu vyake wakwe wakamletea mwanawe. Bi Sikudhani alibeba kuku chini ya kwapa akaenda kuwapongeza. Aliniambia aliporudi kwamba Kizito alikuwa mchangamfu, ila hakukaa hata kidogo. Alikuwa akisimama, akifungua bomba na kulifunga, akimwonyesha jinsi maji yanavyotoka.

*

Tume ilikaa katika ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti wake alikuwa jaji mstaafu, mzito wa masikio, na ndiyo sifa iliyompa nafasi ile, kwa kuwa asiyesikia vizuri husikiliza kwa bidii kuliko wengine. Ukumbi ulijaa. Wanachama wa Mkono Uliobaki walikaa mstari wa mbele, Bi Sikudhani amevaa gauni la buluu alilolishona kwa mkono wake mmoja, na kiti cha pembeni yake alikiwekea mkoba ili mtu asikikalie. Kilikuwa cha Leonsia.

Leonsia aliingia na joho jeusi. Alipita mbele ya mstari wao, akaenda kukaa meza ya Kampuni.

Bi Sikudhani alidhani amekosea meza. Nilimwona akiinua mkoba kwenye kile kiti, akimpungia nao aje, kama mtu anavyomwonyesha mwenziwe nafasi harusini. Alipunga mara kadhaa. Leonsia alikuwa akitazama mezani. Mwanachama mmoja akamshika Bi Sikudhani bega akamnong'oneza, na hapo akauweka mkoba magotini pake.

Aliitwa wa kwanza. Alieleza habari ya vifuniko vizuri, bila kupayuka, na Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kila neno, hata maneno ambayo hayajasemwa bado. Kisha akasimama wakili wa Kampuni. Hakumwita mama. Alimwita shahidi. Alimuuliza kama ni kweli kwamba asubuhi ya ajali hakuwa amelala usiku mzima. Bi Sikudhani akakubali.

"Na ni kweli kwamba ulikuwa umetoka kumzika mtoto wiki ile?"

 Hata Mwenyekiti nadhani alisikia.

"Ni kweli."

"Na uliniambia, yaani umewahi kusema, kwamba ulikwenda kazini ili usikae na ukimya wa nyumbani. Basi akili yako asubuhi ile haikuwa kwenye rola, shahidi. Ilikuwa kwa mtoto."

Bi Sikudhani alimtazama. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi huyu. "Ilikuwa kwa mtoto," akasema, akaenda kukaa.

Kizito akafuata. Alikuwa na suti, na mkono mtupu wa koti ulikuwa umekunjwa na kupigwa pini kwa ustadi. Alisema yeye, kama Mkurugenzi Mtendaji, anapenda kuiarifu Tume kwamba chama hakina tena msimamo kuhusu vifuniko, kwa sababu dira yake ni ustahimilivu. Akaulizwa nani aliamuru vifunguliwe. Akajibu kwamba hakuna aliyeamuru. Alivifungua mwenyewe kwa uamuzi wake, na kwa hiyo mikono yote iliyokatwa tangu siku ile, ukiwemo wake na ukiwemo wa Mlezi wa Heshima, ni juu yake, na anaomba radhi.

Alisema haya akiwa amegeukia dirishani. Nje, chini ya ukuta, mtoto wake alikuwa amekaa na dereva wa Kampuni akila ice cream.

Hakuna aliyemzomea. Wanachama walikaa tu. Bi Sikudhani aliinamisha kichwa, nikaona bega lake la kushoto likitikisika, lile lenye mkono uliokatwa, la kulia limetulia.

Tume ikatoa uamuzi kabla ya chakula cha mchana. Vifuniko havihitajiki. Wafanyakazi wa kiwanda wamekwisha kujengewa ustahimilivu kwa gharama kubwa, na kuwafunikia rola sasa ni kuwadharau.

*

Mwisho wa mwaka, Kampuni ya Utamu wa Taifa na Chama cha Mkono Uliobaki walipata tuzo ya ndoa bora ya Ushenga. Ripoti ya Mamlaka, iliyosomwa redioni, ilieleza kwamba kati ya asasi zote nchini hiki ndicho chama ambacho wanufaika wake wanaongezeka kwa kasi zaidi. Kila mwezi kiwanda kilileta wapya. Bwana Kengewa alilia machozi ya kweli akipokea sanamu.

Bi Sikudhani aliacha kupanda zile ngazi za ofisi. Akarudia desturi yake ya zamani, akaenda peke yake kusimama kwenye geti wakati wa kubadilishana shifti, akiwaonyesha wanaoingia kiwiko chake bila kusema lolote. Siku iliyofuata akatembelewa na ofisa wa alama za biashara. Alimfahamisha kwa heshima zote kwamba kiwiko kile kwa umbo lake ni nembo iliyosajiliwa, na kukionyesha hadharani bila idhini ya mwenye nembo ni kosa. Hakumfunga, kwa kuwa nchi yetu ni ya upole. Alimwomba tu akifunike. Tangu hapo anakwenda sokoni amejitanda khanga mbili, hata kwenye joto kali.

Kizito huvuka barabara akimwona. Nadhani ni kwa sababu upande wa pili una kivuli.

Leonsia alikuja mara moja. Ilikuwa mchana, nami nilikuwa nimekaa kibarazani, kwa hiyo sikuhitaji ukuta. Alivua viatu mlangoni kama zamani, lakini hakuingia. Alikuwa amekonda. Alisema aliomba kazini kesi ile apewe mwingine, wakamjibu kwamba hakuna mwingine anayeijua kama yeye. Alisema pia kwamba pale ukumbini hakutamka uongo hata mmoja.

"Najua," Bi Sikudhani akasema. "Yote yalikuwa kweli. Angekuja adui nisingemwambia hata moja."

Leonsia akalia, akamwita mama. Bi Sikudhani akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe, kwa sababu mgeni alikuwa ametoka mbali na jua lilikuwa kali. Alisubiri ayanywe yote, akapokea kikombe.

"Tukikutana njiani tusalimiane," akamwambia. "Ila hilo jina usiniite tena."

Leonsia alikaa chini kuvaa viatu, na ilimchukua muda, maana kamba zilimshinda.

Baada ya hapo Mamlaka ikasikia kwamba Mlezi wa Heshima hana raha, ikamletea mtaalamu wa kujitolea wa kumjengea uwezo wa kusamehe. Alikuwa kijana mpole sana kutoka benki. Alibisha hodi, akabisha tena, akaandika kwamba mnufaika hakuwepo, akaenda zake. Bi Sikudhani alikuwepo. Nilimsikia akifagia chumba kile kile, akimaliza na kuanza upya.

Juzi nimeona jambo, ndilo lililonifanya nisimulie haya, ingawa sijui nilisifu vipi. Alikuja msichana kutoka hospitali, mkono wake umefungwa bandeji nyeupe mpaka begani, mfuko wa dawa ameubana kwa meno kwa kuwa bado hajajua kuushikaje. Alikuwa mgeni mjini, mfanyakazi wa msimu. Wenzake walikuwa wamemwelekeza nyumba. Alipiga mlango kwa mguu.

Bi Sikudhani akafungua. Alimtazama usoni, akautazama mkono, akatazama njia nyuma yake kushoto na kulia.

"Umetumwa na nani?" akamuuliza.

Msichana akautoa mfuko mdomoni. Hakulielewa swali. Akasema hajatumwa na mtu, amekatwa.

Bi Sikudhani alisimama pale mlangoni, ameushika ubao wa mlango, na mimi kibarazani kwangu nikajikuta nimesimama pia. Mwishowe akapisha, msichana akaingia. Niliposikiliza ili nisikie akimkaribisha mkekani, akimuuliza jina na alikotoka, nilichosikia ni madirisha, moja baada ya jingine, yakifungwa.